Jina la Mnyama wa Mzee Ayoubu

Kabla hujakaa vizuri, nikutegee kimoja, wewe unayesoma. Hana miguu, lakini alitoka ng'ambo ya bahari akafika mpaka Alunguli. Hana meno, lakini alifukuza askari wenye bunduki. Nani huyo? Usiniambie malaria, malaria tunayo yetu wenyewe, hatukuiagiza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kindu sitaki, Kindu ninakaa tayari. Nipe Kalima, nikatawale kidogo, nile samaki wao, nirudi. Haya. Jibu ni jina. Jina tupu, lililoandikwa kwa makaa ukutani, na ndilo lililomtoa Inspekta Joséphine Bitota ofisini asubuhi ile akavuka mto Lualaba mpaka huko Alunguli kwa mtumbwi, mguu mmoja kwenye maji yaliyoingia na mwingine kwenye kikapu cha kuku wa watu.

Kisa chenyewe alikuwa ameshasimuliwa. Mvua ya Jumapili iliangusha ukuta mmoja wa chumba cha nyuma katika nyumba ya Mzee Ayoubu, fundi cherehani. Chumba hicho hakuna jirani aliyekiona ndani tangu wakati wa vita. Ukuta ulipolala chini, watu wakaona kwenye ukuta wa pili picha kubwa ya mnyama: kichwa cha simba, kichwa kingine cha mbuzi kimechomoza mgongoni, na mkia ambao ni nyoka mwenye ulimi nje. Chini ya picha, kwa herufi kubwa: CHIMÈRE. Watoto wakaipiga picha kwa simu, na kabla ya jioni hata mbali huko Kampene walikuwa wanaijadili.

Wazee wakakumbuka sauti zilizotoka chumba kile wakati wa vita. Akina mama wakakumbuka ndoto zao. Na Franck, mkuu wa vijana wa avenue ile, yaani mtaa ule, kijana muuza simu mwenye mabega ya kuziba mlango, akalitafuta jina kwenye simu yake akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: ni zimwi la Wagiriki, linatema moto. Mkutano ukakata shauri papo hapo. Jua likizama siku ile, Mzee Ayoubu awe amehama Alunguli, ama watamwangushia kuta zilizobaki.

Inspekta aliwakuta wamejaa uani, wengine wameshika majembe, wengine wameshika mihogo ya kuchoma kwa sababu saa ya kula ilikuwa imewakuta hapo. Akawaambia kwamba sheria ya nchi haimjui mnyama wa kutema moto. Franck akamjibu kwa heshima zote kwamba mnyama naye haijui sheria ya nchi. Wakapatana hivi: wampe mpaka jua kuzama. Akijua kilichokuwa chumbani, na kisiwe kibaya, kila mtu arudishe jembe lake. Asipojua, yeye alikuwa na polisi wawili tu, na mmoja wao alikuwa amekaa katikati ya kundi, anakula muhogo.

Mwenye nyumba alikuwa barazani, mbele ya cherehani, anapindisha suruali ya mtu. Sabini na kitu, kofia nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Inspekta akaamkia, akaitikiwa vizuri, akaulizwa habari ya watoto na ya barabara. Kisha akauliza yake.

"Papa Ayoubu, humo ndani wakati wa vita mulikuwa na nini?"

Mzee alisema mvua ya Jumapili ilikuwa kubwa. Inspekta akauliza mara ya pili. Mzee alisema suruali hii mwenyewe alinenepa, hakuna fundi atakayeiokoa. Alipoulizwa mara ya tatu alivua miwani.

"Mama, mimi nilimuahidi mama mumoja kwamba sitamwambia muntu. Alisema, siku utasema, watacheka mutoto wangu mpaka azeeke. Yule mama amekufa. Sasa ruhusa nitaiomba wapi?"

Akarudi kwenye pindo lake. Mtu wa namna hiyo, hata ukimpiga, anakuomba radhi kwa kukuchosha mkono.

Basi Inspekta akaingia chumbani kwa upande uliobomoka. Alianza na sakafu, kama alivyofundishwa, akamalizia na dari. Sakafu ya udongo, hakuna mfupa hata mmoja. Akaliandika hilo kichwani, kwa sababu anayekula watu huacha mabaki. Ukutani, kigingi cha mti, chini sana, kwenye usawa wa goti lake. Kilikuwa kimesuguliwa na kamba mpaka kikalainika. Mbele ya kigingi, kiti kifupi cha miguu mitatu, cha kukalia umechuchumaa. Juu ya msumari, kikombe cha bati la maua, na kipande cha kitambaa safi kimefungwa mdomoni mwake kwa uzi wa cherehani. Na kwenye ukuta wa kushoto, unaotazamana na ua wa jirani, tundu la kupita mkono. Kingo zake zilikuwa laini kama za mlango wa mzinga.

Akasogelea picha. Moto ulikuwa umechorwa ukitoka mdomoni kwa simba. Alipoutazama uso wa simba vizuri, aliona ana miwani.

Akatoka nje akauliza ni nani hapa avenue anajua kuchora. Wakacheka. Hakuna anayejua kuchora, wakasema, na picha yenyewe ni ushahidi.

Franck alikuwa na wazo lake na hakulificha. Zamani, nchi ingali inaitwa Zaïre, kulikuwa na Mgiriki mjini mwenye duka la chumvi na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi. Mzee Ayoubu alimshonea mashati. Mnyama ni wa Wagiriki, Mgiriki alikuwa hapa, fundi alikuwa wake: alipofunga duka alimwachia fundi mnyama. Kila mtu uani akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kijana amesoma. Inspekta akauliza Mgiriki aliondoka lini. Wazee wakahesabu kwa watoto wao, wakakubaliana aliondoka miaka mingi sana kabla ya vita. Sasa mnyama, akauliza Inspekta, muda wote huo alikuwa ananyamaza, akangojea vita ndipo aanze kulia? Wakamwangalia Franck. Franck alisema labda alikuwa bado mdogo.

Ikabidi atafute aliyemsikia kwa masikio yake. Wote walikuwa wamesikia, lakini kila mmoja alisikia kupitia kwa mwingine, na mwisho wa kamba hiyo ndefu alikaa mtu mmoja, Dieumerci, mvuvi wa nyavu, ambaye wakati wa vita askari walimkamata wakamfanya mpagazi wao. Alimkuta anashona wavu. Dieumerci alieleza bila kuinua macho.

Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, mitumbwi haikushuka. Askari walimaliza kuku, wakamaliza bata, wakamaliza mbuzi nyumba kwa nyumba, wakaanza kuwaangalia paka kwa jicho jingine. Siku moja walimbebesha kamba za kufungia mbuzi, wakafika mpaka kwa fundi. Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Banza wa seminari na chaki mkononi, akawaomba wasiingie kwa usalama wao. Akawafungulia kidogo waone ukuta. Akawaeleza mnyama huyo kichwa hadi mkia, kwa Kifaransa kizuri, kama yuko darasani. Na alipofika kwenye moto, kitu kikalia mle gizani, na askari wakatimua mbio.

"Kililia namna gani?" akauliza Inspekta.

"Kama mutoto anakabwa, halafu anaachiwa, halafu anakabwa tena."

"Na harufu?"

"Ya shetani."

"Shetani iko na harufu ya nini, papa?"

Dieumerci alifikiri. "Ya mbuzi, kidogo."

Inspekta akavuta kipande cha gogo akakaa. "Papa Dieumerci. Sauti ya mbuzi, harufu ya mbuzi. Kwa nini haukusema ni mbuzi?"

Mvuvi akaweka wavu chini. Ilionekana anamhurumia.

"Mama Inspekta, wewe ulikuwa wapi vita ile? Mbuzi gani? Muntu alikuwa anakula mukanda wa suruali. Kama ile kitu ingekuwa mbuzi, wangekuwa wameikula siku ya kwanza. Nilisikia inalia mwezi na mwezi mwingine, masika mpaka kiangazi. Haikuliwa. Basi haikuwa mbuzi. Njo hesabu yake."

Na hesabu hiyo, nakuambia, hakuna mtu wa Maniema atakayeipinga. Sisi mbuzi tunamjua kwa kazi moja. Anakua, anangoja sikukuu au ndoa, analiwa. Mbuzi asiyeliwa, watu wana njaa, huyo si mbuzi, huyo ana siri yake. Inspekta mwenyewe alikubali. Alibaki na kitu kilicholia kama mbuzi, kikanuka kama mbuzi, kikafungwa kwenye kigingi cha kimo cha mbuzi, na kisingeweza kuwa mbuzi.

Akaenda kwa Mwalimu Banza.

Mwalimu alifundisha Kilatini na Kigiriki kwa vijana wa seminari ndogo, mpaka nywele zote zikamwacha. Baba yake alikuja toka Katanga na reli; mtoto akabaki na vitabu. Alipofungua mlango Inspekta aliona ile miwani, na chini yake uso wa simba, umezeeka. Hakumwuliza kama ndiye aliyechora. Alimpongeza kwa mkia.

"Mkia ulinishinda," akasema Mwalimu. "Nilitaka uwe umejikunja zaidi."

Akamkaribisha, akamwekea chai. Kisha akamwambia mapema, ili wasipotezeane siku, kwamba naye aliahidi. Alimwahidi mama yule yule, siku ile ile, amesimama pamoja na Ayoubu. Kilichokuwa chumbani hatasema. Inspekta akamwuliza je, alimwahidi mama yule kutofundisha Kigiriki? Mwalimu akazungusha kijiko kikombeni. Hapana, akasema. Kigiriki hakikutajwa.

"Basi nifundishe, Mwalimu. Chimère maana yake nini?"

Uso ukamng'aa kama taa ya kandili iliyopanguswa. Alieleza kwamba watu wote wanalijua zimwi, hakuna anayelijua jina. Wagiriki wa kale walisema khimaira. Walikuwa na neno la majira ya baridi, na jina hili limetoka kwenye baridi hiyo. Kwa sababu kwao watu walihesabu umri wa mifugo kwa baridi zilizopita: huyu ana baridi moja, huyu ana mbili. Inspekta alisema Kindu baridi haipo. Mwalimu alisema hesabu basi kwa masika, ni sawasawa. Na khimaira, kabla ya kuwa zimwi, kabla ya simba na nyoka na moto, lilikuwa neno la kila siku la wachungaji, neno la sokoni. Wapo wataalamu wanaosema zimwi lilitokana na mlima mmoja uliowaka moto, simba juu, malisho katikati, nyoka chini. Wengine wanaleta habari nyingine. Wanabishana mpaka leo, alisema, na hawana vita wala njaa ya kuwasumbua.

"Lakini neno lenyewe, Mwalimu. La wachungaji."

Akakohoa. Akapanga miwani.

"Mbuzi jike," akasema. "Mchanga. Aliyemaliza baridi yake ya kwanza."

Inspekta akanywa chai yake yote.

"Kumbe askari uliwaandikia ukweli ukutani."

"Mimi sijawahi kumdanganya mtu kwa Kigiriki," akasema Mwalimu. "Walikuja kutafuta mbuzi, nikawaonyesha mahali palipoandikwa mbuzi. Kama hawakusoma masomo ya kale, mimi nifanyeje?"

Alicheka mwenyewe mpaka akashika ubavu. Ilionekana kicheko hicho alikiweka tangu vita na hajapata wa kukila naye. Inspekta alimwacha amalize. Halafu akauliza lililobaki: kama ni mbuzi, na njaa ilikuwa ile, kwa nini hawakumla?

Kicheko kikazimika. Mwalimu akakusanya vikombe.

"Hilo, mama, si Kigiriki."

Jua lilikuwa limeshashuka juu ya mto aliporudi kwa Mzee Ayoubu. Uani watu walikuwa wameongezeka. Alipanda juu ya ukuta ulioanguka akawapa aliyoyapata, kwa mpangilio: hakuna mifupa, kigingi cha chini, sauti, harufu, na jina. Alipofika kwenye jina, Mwalimu Banza, aliyemfuata polepole na fimbo yake, akathibitisha mbele ya wote kwamba ndivyo, kwa Kigiriki. Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikatembea. Miaka yote hii walikuwa wanapitisha watoto njia ya mbali kwa ajili ya mbuzi. Dieumerci peke yake hakucheka. Alikuwa anarudia hesabu yake.

"Uongo," akasema Franck.

Akasogea mbele. Hakuwa na hasira ya kuigiza. Alisema yeye ni mtoto wa njaa ile. Alizaliwa nyumba inayofuata hapa, mji umefungwa, na mama yake alikufa siku ile ile ya kumzaa. Bibi yake alimlea peke yake, kwa maji ya muhogo, mpaka akasimama. Alikuwa akimsimulia hivyo kila mara, na sasa bibi naye amelala makaburini. Kwa hiyo asiambiwe yeye kwamba wakati watu wanazika watoto, fundi alikaa na mbuzi mzima anamtazama tu.

"Mutuonyeshe nyumba moja," akasema, "nyumba moja tu ya Kindu, ilikaa na mbuzi vita ile na haikumula. Kwa nini wasimule? Nani anaweza kujibu?"

Kicheko kikafa. Watu walianza kunong'ona kwamba kweli, kijana ana haki. Mmoja akaokota jembe lake. Mzee Ayoubu alikuwa amesimamisha cherehani, mkono juu ya gurudumu.

Inspekta alimwangalia Franck: mashavu, shingo, mabega. Maji ya muhogo. Yeye alikuwa amezaa watoto watatu, na alijua mtoto mchanga asiye na ziwa la mama anakwenda mbali kiasi gani kwa maji ya muhogo. Akageuka akaangalia ndani ya chumba. Kiti kifupi. Nani anaweka kiti mbele ya mbuzi? Kabla ya Kindu alipangwa kazi Masisi, kwa watu wa ng'ombe, na kule alikuwa ameona viti kama hivi na watu juu yake kila alfajiri. Wengine walikamua hata mbuzi. Aliporudi nyumbani akalisimulia mezani, shemeji zake walicheka mpaka wakatoka nje kutapika. Kumkamua mbuzi, walisema, ni sawa na kumkamua jirani. Mwaka mzima walikuwa wanamwita Mama Mbuzi, yeye aliyetazama tu.

Kikombe chenye kitambaa cha kuchujia. Tundu la kupita mkono.

"Tundu hii inatazama kwa nani?" akauliza.

Kwa kina Franck, wakasema. Kwa marehemu bibi yake.

Inspekta akashuka ukutani. Aliwatangazia kwamba anahitaji kuwahoji mlalamikaji na mshtakiwa uso kwa uso, ni utaratibu, na utaratibu huo hauna watazamaji. Hawakutaka kutoka. Ndipo akamwagiza polisi wake aliyekuwa anakula muhogo awasukume mpaka barabarani, naye akawasukuma kwa upole, kwa sababu mke wake alikuwemo. Mwalimu Banza alitoka wa kwanza bila kuambiwa. Inspekta akachukua kanga iliyokuwa kambani, akaiangika mahali ukuta ulipokuwa, wakabaki watatu chumbani pamoja na simba mwenye miwani.

Alimpa Franck kile kiti. Kijana akakikalia, magoti yakamfika kidevuni, na kigingi kikawa mbele ya pua yake. Kikombe akampa mkononi. Akamgeukia mzee.

"Papa Ayoubu, uliahidi hautamwambia muntu."

"Ndiyo, mama."

"Muntu ni jirani. Muntu ni polisi, njo mana mimi naziba masikio. Lakini mwenyewe wa siri si muntu. Mwenyewe ni mwenyewe."

Mzee alilipima neno hilo kama anavyopima kitambaa, mara mbili kabla ya kukata. Nje walisikika watu wanamsihi polisi awaache wachungulie kidogo. Franck alikuwa ameingiza kidole ndani ya kikombe, anakipitisha juu ya kitambaa kile, na ukali ulikuwa umeanza kumtoka usoni bila yeye kujua sababu. Alipouliza tena, aliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya mtoto.

"Baba Ayoubu. Kama kweli ilikuwa mbuzi, kwa nini hamukumula?"

Mzee akainama, akamwondolea vumbi begani.

"Kwa sababu wewe ulikuwa haujashiba."